Kamba Ikilegea

Kilo arobaini na tatu, shingo ya fahali,
na jina alilopewa na wenye nyumba wa kwanza: Rungu.
Mimi kilo hamsini na moja, na visigino vilivyochubuka.
Wiki ya kwanza alinitembeza Maweni nzima,
yeye mbele, mimi nyuma nikiandika mchangani kwa miguu
barua ya mtu anayeomba kazi nyingine.
Vijana wa bodaboda walipiga honi:
"Dama! Mbwa kapata mtu wa kufuga!"

Kombe, askari wa geti la pili, akanikatia fimbo ya mkwaju,
akaimenya, akaipinda kuona kama itakatika.
Haikukatika.
"Huyu anataka lugha yake," akasema.
Niliiegemeza ukutani tu.
Rungu aliiona, akajikojolea palepale,
mbwa mzima, kifua kama mlango wa ghala,
mkojo ukatiririka hadi kwenye ndara zangu.
Nikajua lugha hiyo alishasomeshwa,
na alichohifadhi ni woga, basi.

Nikaanza upya na mfuko wa ng'onda
(kwenye tuktuk watu walisogea, wakafungua pazia).
Sheria moja, na ilinifunga mimi kwanza:
kamba ikikaza, nasimama,
nguzo ya stima, sina haraka, sina hasira;
kamba ikilegea, hata kwa pumzi,
napiga kidoko,
kipande kinaanguka, njia inafunguka.
Hatua tatu. Nguzo. Hatua mbili. Nguzo.
Kutoka geti hadi duka la Mwanamkuu ni mita mia mbili.
Siku ile tulitumia saa nzima na robo,
na mkate sikupata, duka limefungwa kwa sala.

Mwanamkuu hamgusi mbwa, ana udhu wake,
lakini huniwekea mifupa ndani ya gazeti,
huirusha kwa mbali huku akikusanya buibui:
"Mpe. Ila mwambie ni kwa kukaa, si kwa kunijia."
Na Rungu hukaa, mapaja yakitetemeka,
mkia ukifagia changarawe,
nguvu zote zile zimekunjwa kama mkeka
zikingoja mlio mdogo wa ulimi.

Ganda, nyumbani, baba alicheka nilipomsimulia.
"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."
Yeye ni mgema. Miaka thelathini na sita
amepanda minazi ya watu asubuhi na jioni,
na methali hiyo ikimngoja chini ya kila mti:
watu walikunywa, wakafuta midomo, wakanyamaza,
wasije wakamharibu.
Nikavuta mrija. Ulikuwa mtamu, na ukali wake kwa nyuma.
"Baba, huu ni mzuri. Umeugema vizuri."
Alinitazama mikononi
kama anayetafuta nilichoficha,
kisha akageuka kuipangusa kotama
ambayo ilikuwa safi.
Jumapili iliyofuata nilikuta kibuyu kimetengwa,
kimefunikwa kwa jani, hakuna aliyesema ni cha nani.
Nikaonja. Hapakuwa na tone la maji.

Leo asubuhi tumbili ameshuka kwenye ukuta wa Kombe
na miezi minne yote ikasahaulika:
Rungu akaruka, kamba ikanichoma kiganja,
nikapiga goti barabarani, vikombe vya chai
vikatua mezani kibandani ili watu waone vizuri.
Nikainuka. Nguzo.
Mkono unawaka, sisemi kitu.
Yeye yuko mwisho wa kamba, anahema,
anamtazama tumbili, ananitazama,
tumbili,
mimi,
ulimi wangu uko tayari kwenye kaakaa,
na kamba, katikati,
inapinda kidogo.